Niliiona Alama Iliyokosewa, Nikamwambia Iko Sawa

Nilikosa, tena kwa makusudi. Asinitetee mtu!

Mimi ni mwanamke wa Nanyamba, mtoto wa mkulima wa korosho. Kazi yangu ni hesabu za mashimo meusi: zile nyota kubwa zilizoporomoka kwa ndani, zikawa na mvuto ambao hata mwanga hauchomoki. Kazi yenyewe ni kalamu, karatasi na kuumwa kichwa.

Salimu nilisoma naye chuo kikuu. Miaka minne tulihangaika na swali moja: shimo jeusi linalozunguka likitikiswa, hutulia au huvurugika? Njia ya kulijibu niliipata mimi. Mama akaugua, nikarudi Mtwara. Huku nyuma Salimu akaichapisha kwa jina lake peke yake! Nilipompigia simu akasema, "Dada, si ulishaacha?"

Niliacha? Nilikuwa namwogesha mama yangu!

Nikameza. Nikapata kazi ya kufundisha hapa mjini, lakini moyo unachemka. Nasonga ugali huku namtukana.

Miaka mitatu iliyopita akaja mwenyewe nyumbani kwangu Rahaleo, bahasha mkononi. "Dada'angu, yaliyopita si ndwele. Nisaidie kuzipitia hesabu hizi. Nakuamini wewe tu."

Ukurasa wa kumi na moja nikaliona kosa. Alama ya kutoa mahali pa kujumlisha! Mtikisiko uliopaswa kukua, kwake ulionekana unafifia. Jibu zima bovu. Nilifurahi, wallahi, kama bibi harusi.

"Iko sawa," nikamwambia. "Kachapishe."

Nikangoja aumbuke. Mwaka jana akaumbuka! Mtaalamu mmoja alisimama katikati ya mkutano akamwonyesha ile alama mbele za watu. Nilikuwa natazama kwenye simu. Nikapiga kigelegele peke yangu sebuleni.

Wiki iliyofuata nikabishiwa hodi. Alikuwa binti wa Madimba, anaitwa Zuhura, mwanafunzi wa Salimu. Sikuwahi hata kumsikia. Tasnifu yake yote ya uzamivu aliijenga juu ya jibu lile. Miaka miwili ya kazi, chini!

"Shikamoo mama. Mwalimu kasema hesabu zake ulizipitia wewe. Nimekuja unionyeshe mimi nilikosea wapi."

Hakukosea popote! Nikashindwa kumdanganya, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo uliiona?"

"Niliiona, mwanangu."

Hakulia. Alikusanya karatasi zake akatoka, hakuniaga. Sasa anauza dukani kwa mjomba wake, na hesabu hizo hataki hata kuzisikia. Nimemwandikia mara sita. Kimya.

Na Salimu? Kapandishwa cheo! Bado namchukia, siwafichi.

Ila nyinyi wenye donge kama langu, nisikieni. Ukidhulumiwa, dai haki yako mchana kweupe, kwa jina lako, hata sauti ikikutetemeka. Mimi nilinyamaza ili nilipize, na aliyeumia ni mtoto wa watu ambaye hakuwahi kuninyima hata salamu.