Taa ya Pili

Binti yangu alikuwa na kompyuta moja, na ndani yake utafiti wake wote wa mwaka wa mwisho. Jirani yake, katika ploti wanayopanga karibu na chuo pale Kibabii, Bungoma, aliunguza yake siku stima ilipopotea na kurudi kwa kishindo. Ndipo nikaamua kumtafutia ekstensheni yenye kinga hapa Kitale kabla sijaenda kumtembelea.

Katika duka la kwanza muuzaji aliichomeka ukutani, akashindilia kalamu kwenye tundu lake la juu ili plagi ya balbu yenye pini mbili iingie, kisha akaiwasha.

"Si umeona? Iko sawa."

"Nimeona inapitisha stima. Nataka kuona inavyoizuia."

"Sasa mzee, tungoje radi?"

Wateja wawili wakacheka. Nikaomba bisibisi. Akasema ukifungua umenunua. Niliipima mkononi, nikaiona nzito kupita kiasi, nikanunua na kuifungua palepale kaunta. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya bati, taa nyekundu na bonge la saruji.

"Saruji ni ya nini?"

"Ni ya kuifanya itulie mezani, bana."

Mama wa duka la pili alinipa bisibisi kabla sijamaliza kueleza shida yangu. "Fungua, baba. Afadhali uchungulie hapa kuliko ukakasirike huko Bungoma."

Nilikuta kidude bapa cha buluu, saizi ya shilingi, katikati ya nyaya. Akanieleza kwamba hicho ndicho hupokea kipigo stima ikija na nguvu nyingi, na kikishakufa ekstensheni hubaki ya kawaida tu. Juu palikuwa na taa mbili: ya kwanza huonyesha kinga ingali hai, ya pili huonyesha ukuta una waya unaofika ardhini.

"Ya pili isipowaka, usiniletee lawama," akasema.

Niliinunua. Ilipochomekwa kule Kibabii, iliwaka taa ya kwanza peke yake. Mwenye nyumba akaitwa. Akaitazama akiwa amesimama mlangoni.

"Moja yatosha. Wapangaji wangu wote wanatumia hivyohivyo."

Jibu hilo lilinitoa nje. Kwenye sanduku la mita niliona waya wa kijani, nikaufuata ukutani hadi chini. Ulikuwa umekatwa shubiri moja juu ya udongo. Nondo ya shaba iliyopaswa kuzikwa pale ili kuufikisha waya ardhini haikuwapo, na shimo lake lilikuwa limeota nyasi.

"Iliibwa," akasema mwenye nyumba. "Si unajua hawa watu wa vyuma chakavu."

"Lini?"

"Kitambo."

"Wapangaji uliwaambia?"

Akatoa simu mfukoni, akaitazama ingawa haikulia. Aliahidi fundi angekuja Jumamosi. Nilimwambia binti yangu achaji kompyuta maktabani mpaka taa zote mbili ziwake.

"Baba, na asipokuja?"

"Basi utazoea maktaba."

Jumamosi jioni nilipokea picha: taa mbili, zote zinawaka. Niliikuza mpaka nikauona ufa wa rangi niliokuwa nimeuona juu ya soketi yake, nikajua ni chumba chake. Bado nikamtuma nje apige picha nyingine, ya nondo. Ilikuja baada ya dakika chache, nondo mpya, udongo ungali mbichi pembeni, na kiatu cha binti yangu kikionekana kwa chini.

Nikamwambia achomeke kompyuta.