Mwamvita, mama wa kufunika picha Tandika

Saa nane mchana, Jumamosi, banda la video la Tandika limejaa hadi mlangoni. Kwenye kigoda kando ya televisheni ameketi Mwamvita Mwishehe, khanga ya pili mapajani, macho kwenye kioo.

Muziki unalegea. Steringi, yule shujaa wa picha, anamsogelea binti wa watu. Mwamvita ananyanyuka, anatandaza khanga mbele ya televisheni, na banda zima linaguna. Sauti inaendelea, picha hakuna. Watazamaji wanabaki kusoma maandishi ya khanga: Subira yavuta heri.

"Mama, wewe unafunika mpaka barua!" analalama Faraji, fundi baiskeli asiyekosa onyesho. "Juzi mtu kasoma barua tu, kafunikwa!"

"Barua ile ilikuwa na mambo yake," anajibu Mwamvita bila kugeuka.

Hiyo ndiyo kazi inayomlisha mama huyu wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 41. Mwaka juzi, 1991, alipunguzwa kazi katika kiwanda cha nguo. Akakaanga vitumbua, mtaji ukaishia tumboni mwa wanawe. Ndipo Gregori, mwenye banda, aliyekwishasikia minong'ono ya wazazi juu ya picha wanazoona watoto wao, akamwajiri kwa shilingi 300 kwa siku kuziba yasiyofaa.

Kila asubuhi hutazama mkanda mzima kwanza, apate kujua pa kunyanyukia. Kutazama huko kumemfanya naye awe mjuzi, na hamung'unyi maneno.

"Picha za karate mie hazinikai. Watu wanapigana, wanapumzika, wanapigana," anasema. "Za Kihindi ndiyo picha. Ila wana kasoro moja, mama mtu yuko mahututi wao wanaimba bustanini!"

Faraji hakubali hata kidogo. Kwake yeye, picha ambayo adui hajapigwa vizuri ni wizi wa kiingilio.

Mwezi uliopita nusura kazi hiyo iote mbawa. Wazazi walimwendea mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Marijani, wakitaka banda lifungwe. Mzee akasema atakuja kujionea Jumamosi, na akiona uchafu mmoja tu, banda litafungwa siku hiyohiyo.

"Usingizi ulipaa," anakumbuka Mwamvita. "Nilijiuliza, nitarudi kwenye vitumbua na unga upi?"

Kama mkosi, siku hiyo mkanda ulichelewa kufika kutoka Kariakoo. Hakuna aliyekuwa ameuona. Mzee Marijani kakaa mstari wa mbele, uso kaukunja, na Mwamvita hajui hata kidogo kinachokuja. Akaamua heri afunike cha bure kuliko kuachia cha aibu. Steringi na binti walipojifungia chumbani, kijana akaanza kufungua vifungo vya shati. Khanga ikapanda.

Kumbe maskini alikuwa na jeraha, binti anataka kumfunga kitambaa. Na dirishani adui anaingia! Nyuma ya khanga likasikika kabati likianguka, binti akapiga ukelele. Watu walijiumauma kwa kumwogopa mjumbe. Mara mjumbe mwenyewe akasimama.

"Mwamvita, toa hiyo khanga! Mwenzetu anauawa!"

"Nitoe, mzee? Kijana yuko kifua wazi."

"Toa, mwanangu, toa!"

Khanga iliposhuka, adui alikwisha kulala chali. Mzee Marijani akahamaki kwamba kanyimwa pigo lenyewe, ikabidi Gregori arudishe mkanda nyuma. Alipotoka aliwaambia wazazi waliokuwa wakingoja nje kwamba banda libaki, maana mama huyu anafunika kuliko walivyoomba. Sharti lake likawa moja tu: watoto mwisho saa kumi na moja jioni.

"Nililia pale pale kwenye kigoda," anasema Mwamvita, na hata sasa anashusha pumzi akisimulia. "Faraji akadhani namlilia adui."

Roho ikiwa imetulia, ameanza kupanga mambo makubwa. Mwezi ujao, kila Alhamisi mchana, anataka liwepo onyesho la kina mama peke yao, na Gregori amekubali kujaribu. Majirani kumi na saba wamekwishajiandikisha, akiwemo mke wa mjumbe.

Anapoulizwa siku hiyo nani atafunika, Mwamvita anamtazama mwandishi kwa mshangao.

"Afunike nini? Si tutakuwa watu wazima watupu?"