Ukurasa Uliojibu Nipo

Ofisini walimwita Dakika. Jina hilo hakupewa na baba wala mama; alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimwita kula, "Dakika moja." Ukimwambia mlango unafungwa, "Dakika moja tu, jamani." Na dakika yake ilivutika kama mpira wa kufungia nywele, mpaka anayemsubiri anachoka, anakwenda zake.

Kazi yake ilikuwa kutunga programu. Yeye na mwenzake wa meza ya pembeni, aliyemwita Jirani, walikuwa wameandika kwa lugha ya Python tovuti ya kliniki kubwa ya mji. Mgonjwa anaifungua kwenye simu, anachagua siku na saa, kisha anakuja kumwona daktari bila kupanga foleni. Kabla ya tovuti hiyo watu walikuwa wakifika kliniki kungali giza, wakivua viatu na kuvipanga kwenye ngazi, ili viatu viwashikie nafasi wakati miguu inapumzika. Siku ya kwanza Dakika alipoziona ngazi zile tupu, bila kiatu hata kimoja, aliingia msalani akalia kidogo, akanawa uso, akatoka akiuliza nani kamaliza chai.

Sasa viatu vilikuwa vimerudi.

Kila asubuhi saa mbili, nafasi mpya zinapofunguliwa, tovuti ilikwama. Watu waligusa simu zao na kaduara kakaanza kuzunguka, kakazunguka, kakazunguka, mpaka mtu akakata tamaa, akavaa, akaondoka nyumbani. Jumatatu daktari mkuu, mama wa maneno machache aliyependa kuongea akiwa amesimama, akawaita wote wawili.

"Wanangu, mimi sina ugomvi na mashine," alisema. "Lakini leo nimemkuta mjamzito amekaa kwenye ngazi tangu alfajiri. Ananiambia simu inazunguka tu. Ijumaa saa mbili nitakaa na nyinyi tuangalie pamoja. Ikikwama, tunaizima. Tunarudi kwenye kadi za foleni."

"Inakwama wapi hasa, daktari?" Jirani aliuliza.

"Si nyinyi ndio mniambie?"

Hawakuweza kumwambia, na hilo ndilo lililowachoma njia nzima ya kurudi ofisini. Walikuwa wamemzaa mtoto, wamemvalisha, wamemtuma sokoni, na hawakuwahi kumfuata kuona anajikwaa wapi.

"Tuongeze seva, mashine nyingine ya kuibeba tovuti," alisema Jirani.

"Mtu akilalamika tumbo, wewe unamnunulia shati kubwa?"

"Basi tufanyeje, tabibu?"

"Tupime. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tufunge kipima mwendo."

Kipima mwendo ni programu ndogo inayokaa ndani ya programu kubwa na kuangalia kila ombi linaloingia. Limeingia saa ngapi, limepita wapi, limekaa wapi muda mrefu, limetoka saa ngapi. Kisha inayachora yote kwenye skrini, na asiyejua kusoma msimbo, yaani maandishi ya programu, naye anaelewa.

Jumanne Dakika aliipakua, akaanza kuandika faili la mipangilio. Jina la programu. Ufunguo wa siri. Mstari wa kuieleza kwamba hii ni kazi halisi, si majaribio. Na mstari mwingine, ambao aliuandika polepole kuliko yote: usichukue jina la mgonjwa yeyote, wala namba yake, wala ugonjwa wake. Pima mwendo, mambo ya watu waachie wenyewe. Akaiwasha upya seva, akakunja mikono, akasubiri.

Skrini ikabaki nyeupe.

"Imekufa," alisema Jirani.

"Haijafa. Dakika moja." Akasoma tena kuanzia juu. Mstari wa kukiamsha kipima mwendo alikuwa ameuweka chini kabisa, baada ya tovuti kuwa imekwisha kuwaka. Ilikuwa kama kumleta bawabu wageni wakiwa wameshaingia na kuketi. Akaupandisha mstari ule juu, mbele ya kila kitu, akaiwasha seva tena.

Kwenye kona ya skrini kikatokea kinukta cha kijani. Kikazaa kinukta cha pili. Vikashikana mikono, vikawa mstari.

"Jirani! Njoo uone! Inapumua!"

Jirani alikuja na karanga zake mkononi, wakasimama wakiutazama mstari ule kama watu wanaotazama kitanda cha mtoto mchanga. Ulikuwa mstari mzuri, mwembamba, umelala chini kabisa, maana yake maombi yote yanajibiwa haraka. Wakacheka kwa furaha. Halafu wakaacha kucheka: kama yote yanajibiwa haraka, watu wanakwama wapi?

Jumatano saa mbili mstari ulikuwa umelala vilevile, na simu ya mapokezi ya kliniki ilikuwa haishikiki kwa malalamiko.

"Basi watu ni waongo," alisema Jirani, akitema ganda la karanga.

"Au mstari ndio mwongo."

"Mashine haisemi uongo, Dakika."

"Haisemi uongo. Lakini inajibu ulichouliza."

Dakika aliyasema bila kujua bado anamaanisha nini, akaenda nayo nyumbani kichwani. Alikuwa akiishi na shangazi yake, dada wa marehemu baba, mwanamke aliyekuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na ambaye bado alikunja kila karatasi mara tatu. Alimkuta sebuleni na simu mkononi. Shangazi akaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Hujambo, shangazi?"

"Sijambo, mwanangu."

Shangazi akainuka kwenda kupakua chakula, mkono mmoja ukipitia kwenye meza, kisha kwenye kiti, kisha kwenye fremu ya mlango. Wakakaa kula. Dakika alikuwa mezani kwa mwili tu. Akili yake ilikuwa bado imeinama juu ya mstari wa kijani.

"Hujambo, shangazi?" akauliza tena.

Shangazi akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Si umeshaniuliza? Sijambo!"

"Na nikikuuliza mara mia?"

"Sijambo mara mia. Kwani hujambo ina jibu lingine?"

Dakika akaacha kutafuna.

Kulikuwa na kitu kinachoiuliza tovuti hali yake kutwa nzima. Walikiweka wenyewe mwanzoni, wakakisahau. Kila baada ya sekunde chache mlinzi wa seva, naye ni programu tu, hubisha kwenye ukurasa mmoja mdogo na kuuliza, upo? Ukurasa ule, ambao hauna kazi nyingine duniani, hujibu upesi: nipo. Upo? Nipo. Maelfu ya nipo kwa siku, yote ya haraka, yote ya kijani, nayo yalihesabiwa pamoja na yule mama mjamzito na kaduara kake. Ukichanganya kijiko kimoja cha chumvi kwenye pipa la maji na kuonja, utasema hakuna chumvi.

"Dakika moja, shangazi!" Alikuwa ameshasimama.

"Dakika yako naijua. Maliza kula."

Alhamisi alifika ofisini kabla ya mfagiaji. Jirani alipoingia alimkuta amekaa ukingoni mwa kiti kama anayetaka kuruka.

"Tumekuwa tukipima salamu!" akamwambia. "Tovuti inaulizwa upo, inajibu nipo, na sisi tunapiga makofi."

 Jirani akajipiga paji la uso kwa kiganja, karanga zikamwagika.

Wakalifungua tena faili la mipangilio. Wakaandika mstari wa kukiambia kipima mwendo kiupuuze ukurasa ule wa salamu. Kisha wakabadilisha na picha yenyewe: badala ya wastani wa maombi yote, ionyeshe yale yaliyokaa muda mrefu kuliko mengine, yale ya mkiani. Saa mbili ilikuwa inakaribia. Wakawasha.

Mstari ukanyooka kidogo. Ukatetemeka. Kisha, nafasi zilipofunguliwa, ukapanda kama mtu anayekimbia ngazi, ukageuka manjano, ukageuka mwekundu, ukagonga dari ya skrini.

"Mlima!" Dakika alipiga kelele. "Mlima huo! Tazama ulivyo mbaya!"

"Mbaya kabisa!" Jirani naye akapaza sauti, na wakakumbatiana. Mhasibu wa chumba cha pili akachungulia mlangoni, akauona wekundu wote ule, akaziona na nyuso zile za furaha, akarudi zake akitikisa kichwa.

Wakachagua ombi moja miongoni mwa yale ya mlimani, wakalipasua waone ndani. Lilikuwa limekaa wapi? Kwenye hifadhidata, ghala la taarifa zote za tovuti. Likifanya nini? Likiuliza jina la daktari. Kisha likiuliza tena jina la daktari. Na tena. Kila nafasi kwenye ukurasa ilikwenda peke yake hadi hifadhidata kuuliza, huyu daktari ni nani, na kurudi na jina moja mkononi. Nafasi mia na kitu, safari mia na kitu, kwa kila mgonjwa aliyefungua ukurasa. Kama mtu anayekwenda kwa jirani kuazima sukari, punje kwa punje.

"Majina ya madaktari," alisema Jirani taratibu. "Si ndiyo yale aliyoyataka shangazi yako?"

Ndiyo hasa. Shangazi aliwahi kusema, "Mwanangu, mtu anayenishika mwili nataka nimjue jina kabla sijavua koti." Dakika akaona ni neno la haki, wakaongeza jina na picha ya daktari mbele ya kila nafasi. Katika majaribio yao kulikuwa na madaktari wawili wa kubuni na nafasi chache, na ukurasa uliruka kama panzi.

"Tuyatoe?" Jirani aliuliza.

"Hatuyatoi. Tuyaombe yote kwa safari moja."

Ulikuwa ni mstari mmoja wa msimbo. Waligombea nani auandike. Dakika akashinda kwa kuwa kiti kilikuwa chake, akauandika, Jirani akausoma kwa sauti herufi kwa herufi, wakaujaribu mara hii na orodha nzima ya madaktari, na alasiri wakaupeleka kliniki.

Ijumaa, ofisini kwa daktari mkuu, skrini ilikuwa juu ya kabati la faili. Dakika hakuweza kukaa. Jirani alikaa, lakini mguu wake ulikuwa ukicheza ngoma yake peke yake. Saa mbili ikagonga. Idadi ya watu ikapanda, ikapanda, na mstari nao ukainua kichwa.

"Usipande," Dakika aliunong'oneza. "Usipande, nakuomba."

Mstari ukafika kimo cha kilima kidogo. Ukatafakari. Ukashuka, ukalala, kijani, na watu bado wanaingia. Safari hii haukuwa unajibu salamu.

Daktari mkuu hakuwa akiiangalia skrini. Alikuwa dirishani, anaangalia ngazi.

"Jozi mbili tu," alisema bila kugeuka. "Na hao naona wanavaa, wanaondoka." Kisha akageuka. "Haizimwi. Na hiyo picha ya mstari niachieni hapo juu. Nataka niwe naiona."

Simu ya Dakika ikalia mfukoni. Akatoka nayo kwenye korido, akicheka peke yake.

"Nimepata!" ilikuwa sauti ya shangazi. "Nimegusa mara moja tu, mwanangu! Na daktari nimeshamwona jina lake na uso wake. Wiki nzima hii nagusa, inazunguka, nikaona nisikwambie, utaona haya."

"Umepata nini, shangazi? Kliniki yako ya presha si mwezi ujao?"

"Ya goti."

Dakika akasimama. Akakumbuka mkono ule, meza, kiti, fremu ya mlango.

"Goti lina nini? Tangu lini? Mbona kila siku nakuuliza?"

"Uliniuliza hujambo," alisema shangazi, "nikakujibu sijambo. Goti hukuliuliza."

Mlangoni Jirani alikuwa anamwita, chai imeletwa, daktari mkuu anataka kuelezwa ule mlima. Dakika akaketi kwenye benchi la wagonjwa, simu sikioni.

"Haya, shangazi," alisema. "Linauma wapi? Anza mwanzo. Mimi nipo, sina haraka."