Siku Nilipokataa Msalaba wa Koko

Mkitaka kunicheka chekeni taratibu, maana hapa ughaibuni, Reynoldsburg, kuna watu mpaka leo wakinikuta kwenye duka la fufu wanageuka kwanza, wanamaliza kicheko chao, ndipo wananisalimia. Mimi Deo, mwanaume wa ndevu, nilijitupa kifudifudi kwenye theluji mbele ya ukoo mzima wa Furaha, msichana niliyekuwa nimempelekea posa.

Posa yenyewe ilikuwa bado haijajibiwa. Kila nikienda kwao, mama yake, Mama Furaha, ananiambia, "Bon, tunasali kwanza," na mimi nakunywa chai yangu naondoka. Kazi yangu ni ya usiku, kwenye depo ya viatu, na wakati wa mapumziko, ili nisisinzie, naangalia video za kutisha: korido za manjano zisizo na mwisho, namba yako mwenyewe inakupigia simu, mambo hayo (najua, mkristo mzima, niacheni). Usiku huo nikapata ya Galisia, huko Uhispania. Wanasema wafu wa parokia hutembea kwa mistari miwili, wamejifunika nguo nyeupe, mishumaa mkononi, kimya, na mbele yao anatangulia mtu aliye hai akibeba msalaba, na huyo hapumziki, anakonda tu, mpaka apate wa kumkabidhi. Ukiwakuta, chora duara chini, ingia, lala kifudifudi, na usipokee kitu. Sasa nikiwa hapo kwenye utamu, kundi la kanisa kwenye simu likaanza kutuma sauti juu ya sauti, nikasema hawa nao na matangazo yao, nikalizima. Nilifanya hilo tu, basi.

Alfajiri mwenzangu wa kazi akanishusha getini pa nyumba tunazopanga, mimi na kina Furaha. Theluji ilikuwa inashuka polepole, bila upepo, taa za maegesho zimezungukwa na ukungu, magari yote yamekuwa meupe, na mimi kwa usingizi nilisikia kama miguu yangu iko mbali na mimi. Palikuwa pazuri, siwadanganyi. Nikasimama kidogo nikiangalia tu.

Ndipo wakatokea nyuma ya jengo. Mistari miwili. Nguo nyeupe juu ya makoti, kofia zimeshuka usoni, mishumaa inawaka, hakuna hata anayekohoa. Na mbele, papa mmoja, mzee mwembamba, msalaba mkononi.

Jamani, akili ilihama! Nikachora duara kwa kisigino (lilitoka kama kiazi), nikaanguka ndani, uso kwenye theluji, nikianza Baba Yetu na kuisahau katikati. Nikasikia viatu vinakaribia, vinasimama, halafu sauti ya mwanamke ikasema kwa upole, "Deo, mwana yangu, shika musalaba. Tangulia."

"Sitaki! Mupe mwingine! Mimi ningali muzima!"

Ikafuata sauti ya mwanaume: "Mutu gani anakimbia musalaba? Mumuangalie muzuri huyu!" Na mnajua kwetu anayekimbia msalaba anaitwaje: mchawi.

Nikasikia mtu anapiga magoti karibu nami, analia. "Deo," akasema Furaha, "koko amekufa."

Nikainua uso. Koko, bibi yake mzaa mama, alikuwa amefariki kwetu Uvira usiku ule. Zile sauti nilizozizima ndizo zilizokuwa zinasema. Nguo nyeupe zilikuwa za msiba; waliwasha mishumaa nje kwa sababu ndani kengele ya moshi ingelia, wakatembea alfajiri kabla watu hawajaenda kiwandani, na kimya kwa sababu jirani mmoja aliwahi kutuitia polisi kwa nyimbo zetu. Na kwa familia yao, msalaba wa marehemu hubebwa mbele na mkwe. Donc, lile jibu nililolingoja kwenye chai zote zile, Mama Furaha alikuwa amelileta mwenyewe mpaka puani mwangu. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto kwenye baridi ile. Alinitazama, akamrudishia yule papa msalaba, akasema, "Tuendelee."

Matanga yote nilienda. Nilikaa karibu na mlango, hakuna aliyenipa kiti wala neno. Nikaosha sufuria, nikasukuma theluji ngazini, mjomba wa Furaha akipita ananikwepa. Nilijua nimempoteza, na usingizi wa mchana ukanikimbia kabisa.

Siku ya kumaliza matanga, Mama Furaha alikuwa anakoroga sombe, kisamvu chetu, jikoni, nyumba imejaa vijana wa kutuma. Bila kugeuka akasema, "Deo, chumvi imeisha. Wende utafute."

Kwao mgeni hatumwi; hutumwa mtoto wa nyumbani tu. Nilikimbia dukani bila koti, nikilia barabarani kama mtoto, nikarudi na pakiti mbili, asije akabadili mawazo.

Video hizo nimeapa kuziacha, sizifungui tena hata nikisinzia nikaangukia maboksi ya viatu. Na kundi la kanisa nimeliachia sauti yote: hata wakitangaza funguo zilizopotea, nasikiliza mpaka mwisho.