Kikundi cha Ballina

Assumpta Ruane alikuwa na saluni ya wanawake Belmullet, mji mdogo wa pwani ambao ukipiga chafya upande huu, upande ule wanakwambia "afya". Kwa miaka mingi alikunywa vodka kwa siri. Chupa aliificha nyuma ya makopo ya rangi ya nywele, na peremende haikumtoka mdomoni. Hakuwahi kuchelewa kufungua, wala mkono haukumtetemeka juu ya kichwa cha mteja.

Aliumbuka kwenye harusi ya mpwa wake. Alisimama kutoa hotuba ambayo hakuombwa, akamwaga siri za dada yake, Noreen, mbele ya wakwe, kisha akaketi mahali pasipo na kiti. Noreen hakumfokea. Alimsindikiza hadi mlangoni, akamwambia taratibu, "Usinipigie mpaka uwe umeacha, Assumpta. Na mimi sitakupigia."

Noreen alikuwa akimpigia kila Jumapili baada ya misa, wakasengenya mji mzima mpaka simu ikawaunguza masikio. Sasa Jumapili ikawa haina mwisho. Assumpta alipika viazi na nyama ya kondoo kwa mtu mmoja, akala nusu, akaitazama simu. Kuna mara alijikuta anacheka peke yake kwa jambo alilotaka kumsimulia dada yake, kisha kicheko kikamkauka.

Daktari ndiye aliyemwambia kuna kikundi cha walioacha pombe Ballina, mwendo wa saa nzima kwa gari. Wateja aliwaambia anafuata taulo za saluni. Safari ya kwanza alikaa garini akitazama watu wakiingia, akageuza gari. Ya pili aliingia.

Kilikuwa chumba nyuma ya kanisa, kinanuka makoti yaliyolowa. Jitu la miraba minne, Malachy, dereva wa lori, lilimpa kikombe. "Karibu, dada. Chai yetu mbaya, ila ya moto."

Assumpta akainua macho. Kwenye kiti cha pembeni alikaa Bibi Barrett, mjane wa mwalimu mkuu, mteja wake wa kila Ijumaa. Akaweka kikombe chini, akaukimbilia mlango.

"Wapi tena?" Bibi Barrett akamwuliza.

"Nimekosea chumba."

"Hata mimi nilikikosea hiki hiki mume wangu alipofariki. Kaa, mwanangu."

"Lakini bibi, wewe hugusi hata kile kiglasi cha mvinyo ninachowapa wateja Krismasi!"

"Unadhani kwa nini?"

Watu wakacheka, na Assumpta akakaa. Walipotoka, mvua ikinyesha, walisimama chini ya mwavuli mmoja.

"Ulijua?" Assumpta akauliza.

"Wewe! Unanikata nywele huku unanukia kama kiwanda cha dawa ya meno, nisijue?"

"Sasa mbona ulininyamazia?"

Bibi Barrett akauinamisha mwavuli dhidi ya upepo. "Kila Ijumaa nilikuja nimejipanga nikwambie. Nikikuona kwenye kioo unavyotaniana na wateja, ulimi unakuwa mzito. Niliogopa mji utajua na yangu. Nilitamani uniulize wewe, chochote tu. Miaka yote hiyo, Assumpta, tulikuwa tunazungumzia hali ya hewa."

Tangu hapo wakawa wanakwenda kwa gari moja. Assumpta akazoea kusema jina lake na kinachomsibu, kwanza kwa kunong'ona. Shida ilikuwa jioni, akishafagia nywele na kufunga pazia. Aliikumbuka vodka kama mtu anavyomkumbuka mpenzi aliyempiga: anajua alivyoumizwa, na bado anasikiliza kama atabisha hodi. Siku yake ya kuzaliwa Noreen hakupiga simu, naye akanunua chupa, akaimaliza. Alirudi kwenye kikundi uso umemvimba, akawaeleza yote. Malachy akamjazia kikombe. "Umerudi, dada. Basi. Kunywa."

Majira ya kuchipua alimpigia Noreen.

"Nimeacha," akasema.

Akasikia maji yakimwagika kwenye sinki upande wa pili, kisha yakafungwa.

"Kweli?"

"Kweli. Niliteleza mara moja. Sikufichi."

"Nafurahi, mdogo wangu. Nafurahi sana." Akamsikia Noreen akivuta kiti. "Ila bado. Nikikusikia hivi, naiona harusi ya mwanangu. Nipe muda kwanza."

"Chukua."

Hakunywa siku ile. Alikwenda kwa Bibi Barrett akalia mpaka chai ikapoa.

Mwaka huo wawili hao waliomba chumba kwenye kituo cha zimamoto, ili watu wa Belmullet nao wapate kikundi chao karibu. Mji ulinong'ona wiki moja, ukachoka. Baadhi ya siku wanakuja watu watano, siku nyingine hawaji. Jumatano moja walikuwa wao wawili tu, viti vimepangwa, upepo unagonga dirisha.

"Tufunge?" Bibi Barrett akauliza.

"Tuanze," Assumpta akasema. Akajitaja jina, ingawa aliyekuwa akimsikiliza alimjua tangu zamani. "Leo namkumbuka dada yangu kuliko jana. Na chupa pia naitamani."

"Mimi pia," akasema Bibi Barrett, akakisogeza kiti chake karibu. "Endelea, mwanangu. Nakusikiliza."