Siku Niliyompandia Mke Wangu Kitanda cha Daktari

Jamani, hii niliapa kufa nayo, ila kwa kuwa watu wa mtaani kwetu Iringo wameshaisambaza na kuitia chumvi, bora mnisikie mwenyewe. Mimi nina wivu. Siyo ule wa kukagua simu tu, mimi hata fundi wa dari nilimzuia asipande kwa sababu Mama Bhoke (mke wangu) alikuwa ndani. Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, lakini kwetu aliyekuwa anakonda ni yeye.

Chakula hali, nikimuuliza anasema tumbo. Nikaogopa kweli, nikafunga duka langu la viatu, tukaenda hospitali tujue anaumwa nini. Sasa nachungulia mlangoni namwona daktari: kijana, mrefu, ndevu kazichonga, sauti ya kubembeleza. Nikasema huyu haachiwi mke wangu, nikaingia naye na kuvuta kiti (kwetu Suguti mwanaume akimpeleka mkewe kwa mganga ndiye msemaji, kwa hiyo nilijiona niko sahihi kabisa).

"Mama, unasumbuliwa na nini?"

"Tumbo," nikadaka mimi. "Linamsumbuaga akishakula."

"Lilianza lini?"

"Wiki tatu," mimi tena.

Mke wangu kainamia kitenge chake. Daktari alipomwomba apande kitandani ampime, akili ikanitoka. Nikamwambia hakuna haja ya kumshikashika, njoo nikuonyeshe kwangu, nikavua viatu, nikapanda, nikafungua shati, nikajibonyeza chini ya kitovu huku nagumia, na nesi naye ndiyo anafungua mlango kuleta faili, benchi nzima ya wanaosubiri nje ikaniona nimelala tumbo wazi na mgonjwa kakaa kwenye kiti.

"Kumbe mjamzito ni baba," akasema bibi mmoja, na watu wakaangua kicheko.

Daktari hakucheka. "Baba, naomba utupishe."

Nikamtazama mke wangu anitetee. Akasema taratibu, "Toka, Baba Bhoke. Nina maneno yangu."

Nikatoka na viatu mkononi, nikakaa katikati ya hao hao wanaocheka. Kilichonichoma siyo kicheko, ni sauti yake kule ndani, anaongea, anaongea, mwanamke ambaye mimi hunijibu neno moja moja. Nilimwonea yule kijana wivu mpaka viatu nikasahau kuvaa.

Baadaye wakaniita. Daktari akamwachia mke wangu aseme mwenyewe: halikuwa tumbo, ni uvimbe kwenye titi, na anao tangu mavuno yaliyopita, hofu yake ndiyo iliyomnyima hamu ya kula.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua utauliza nani atanishika."

Na kweli, ndilo swali lililokuwa mdomoni mwangu muda ule ule.

Uvimbe walishautoa, na namshukuru Mungu haukuwa mbaya. Wivu bado ninao, nisiwadanganye, lakini kumjibia mtu maumivu nisiyoyasikia mimi, hiyo sirudii.