Majina Ishirini ya Faustin Ngosa

Baba mkubwa Faustin Ngosa alikuwa msaidizi wa daktari katika kambi moja ya wafanyakazi hapa Élisabethville, na alijivunia kazi hiyo kupita kiasi. Suruali yake ilipigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Kifaransa alikisema hata kwa kuku. Nina haki ya kumsema hivi kwa sababu ndiye aliyenilea: mimi ni mtoto wa Mutale, mdogo wake, na habari hii alinipa mwenyewe akiwa mzee, bila mimi kumwuliza.

Kampuni yenye kambi ile ilikuwa na kazi ya kuua majani kandokando ya reli na kwenye bustani za wazungu. Wanaume walibeba pompe mgongoni wakanyunyiza dawa yenye sumu ya aseniki, na nyasi zilinyauka kwa siku mbili tatu. Dawa iliwatiririkia wao pia. Mwaka 1952, baada ya manung'uniko mengi, kampuni ilimleta daktari Mbelgiji, Docteur Adalbert, achunguze kama dawa ile inadhuru watu. Hakuwa mtu mbaya. Alichagua wanyunyizaji ishirini, akaandika majina yao, na kwa miaka miwili aliwaita kila baada ya miezi sita awapime kifua, ngozi na uzito. Faustin ndiye aliyeita majina na kuandika majibu kwa mwandiko wake mzuri.

Sasa, nyumba za kambini zilikwenda na kazi. Ukiugua muda mrefu, unarudishwa kijijini na mke na watoto. Kwa hiyo watu walikuwa na desturi yao: mwanamume akilala, ndugu yake anatoka kijijini, anachukua kadi ya kazi ambayo haikuwa na picha, anabeba pompe na kuitikia jina la mgonjwa. Mgonjwa anaondoka kimya kwenda kuponea kwao, au kufia huko, na watoto wanabaki chini ya bati. Hakuna aliyeiita uongo. Jina lilikuwa la nyumba nzima, na ndugu aliyekataa kuja kulibeba ndiye aliyesemwa vibaya.

Musonda ndiye aliyetangulia katika wale ishirini. Viganja vilimkakamaa, miguu ikafa ganzi, kucha zikakatwa na mistari myeupe, akapelekwa kwao upande wa Kambove. Daktari aliporudi, jina la Musonda liliitikiwa na mdogo wake, jitu refu lililoshiba mihogo ya kijijini. Docteur Adalbert alitazama ulimi na viganja lakini uso hakuutazama, akafurahi kuona Musonda ameongezeka kilo tisa. Faustin akaandika kilo tisa. Watu kambini walicheka mpaka machozi, na sikatai, hata mimi niliposimuliwa nilicheka.

Miaka miwili ilipotimia, saba kati ya ishirini hawakuwa wale wa mwanzo. Karatasi ya daktari, au mukanda kama watu walivyoiita, ikatoka, ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ikiwa na mihuri miwili. Ilisema watu ishirini wamefuatwa miaka miwili na hakuna hata mmoja aliyeugua kwa sababu ya dawa. Faustin aliwasomea watu kwa Kiswahili, akarudia kila walipomwomba.

Wakati huo baba yangu alikuwa amemwoa Léonie, mama yangu, naye alikuwa na mimba yangu. Walitaka nyumba kambini, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa ya pompe. Mutale alimwendea kaka yake, maana hakukuwa na mwingine katika ukoo aliyejua kusoma Kifaransa.

"Yaya," alimwuliza, "ile mukanda ya munganga iko ya kweli?"

Hapa ndipo ninapomkasirikia baba mkubwa mpaka leo. Alijua. Lakini kumwambia Mutale kulikuwa sawa na kumwambia Léonie, na kumwambia Léonie ni kuwaambia wanawake wote wanaoteka maji bombani, na nyumba saba zingeanguka. Tena, alikiri kwangu, alikuwa ameisoma karatasi ile mbele za watu mara nyingi hata akaanza kuiamini kidogo.

"Balipima bantu makumi mbili, myaka mbili," akajibu. "Iko ya kweli. Kamata kazi."

Baba akaikamata. Nilipokuwa kitoto kinachoanza kukaa, ndugu hao wawili walinawa katika beseni moja ili wale bukari, ugali wetu wa huku, na Faustin akaona mistari myeupe kwenye kucha za mdogo wake. Hakula. Alimsihi aache pompe siku ile ile. Mutale alimtazama kwa mshangao.

"Weye njo ulisema iko ya kweli," akamwambia, akamega bukari.

Kesho yake asubuhi Faustin alikwenda kwa Docteur Adalbert akamweleza yote. Aliamini kwamba daktari akijua atafuta karatasi, pompe zitasimamishwa, na Mutale atapewa kazi nyingine. Daktari akawa mwekundu, kisha akaomba yale majina saba. Faustin alisita sana, akayatoa.

Wiki hiyo hiyo familia saba zilitolewa nje na masufuria yao, zikapakiwa kwenye lori. Brigitte, mke wa Musonda, alipita mbele ya baba mkubwa akatema mate chini. Alistahili kutemewa, na yeye mwenyewe alisema hivyo.

Mwezi mmoja baadaye karatasi ya pili ikatoka. Faustin aliisoma peke yake, akairudia polepole. Daktari alieleza kwamba watu saba walitumia majina yasiyo yao, kwa hiyo wameondolewa katika hesabu. Wamebaki kumi na watatu, wote ni wale wale tangu mwanzo, na wote wazima. Dawa haidhuru, na sasa uchunguzi unaaminika kuliko mwanzo.

Alikimbilia ofisini. Alimwambia daktari kwamba wale saba waliondoka kwa sababu waliugua, kwamba ukiwatoa wagonjwa wote ni lazima wabaki wazima. Docteur Adalbert alimjibu kwa upole kwamba hawezi kuandika habari za watu ambao hakuwapima. Na Mutale je? Mutale hakuwa katika orodha, alianza kazi uchunguzi ukiwa umefungwa.

Baba alibeba pompe miezi mitano zaidi, kwa kuwa tulihitaji nyumba. Alikufa mvua zilipoanza, mwili wote umekauka, hawezi kusimama. Inaniuma kwamba simkumbuki hata sauti.

Kwenye kilio wazee waliuliza, kama ilivyo ada yetu, ni nini kilichomla marehemu, na nani ana neno. Walitegemea kusikia jina la mchawi, na macho yalikuwa yamekwisha kumgeukia Brigitte, yule aliyetema mate, aliyetoka kijijini kuja kulia na wengine. Baba mkubwa akasimama.

"Mukanda njo ilimuua," akasema. "Na miye njo niliisoma."

Mama aliendelea kufunga vyombo, maana lori la kutuhamisha lilikuwa linakuja Jumatatu.